Picha ya Salme, Siku Moja ya Matembezi na Doti za Mchangani



Kabla ya Ramadhani alinijia biharusi mmoja dukani, kanyoosha simu mbele yangu. Picha aliyonayo wengi wenu mnaijua, maana inazunguka sana kwenye simu zetu: binti wa kifalme wa Unguja, Sayyida Salme, kavaa kanzu ya zamani, kichwa kimefunikwa, na chini suruali ya marinda. Akasema, "Dada, nishonee kama hii. Nataka kuivaa siku wakwe zangu watakapokuja."

Kisha akaniuliza la pili. Mumewe ni mtu wa Arusha. Baada ya nikaha atampeleka Serengeti na Ngorongoro siku tano, halafu watarudi Unguja wamalizie mapumziko, na huku wanakuja mama mkwe na mawifi wawili. (Fungate na mama mkwe! Nilicheka mpaka nikachoma kidole.) Alitaka kujua awatembeze wapi kwa siku moja, wasione pwani na hoteli tu.

Nilimwambia maswali yake mawili yana njia moja. Lakini kwanza nilimuuliza kama anajua picha ile ilipigwa wapi. Akajibu, "Si hapa hapa Zanzibar?" La. Ilipigwa Hamburg, Ujerumani, kwa mpiga picha, wakati Salme alikuwa ameshaondoka Unguja, ameshabadilisha jina na dini, na siku zake za kawaida anavaa gauni la Kizungu. Nguo za kwao alizivaa ili apigwe picha. Mdogo wangu yule alinyamaza kidogo, akaitazama tena simu yake kama ndiyo kwanza anaiona.

Hapo ndipo nilipoona niandike. Wageni wanaoshuka uwanja wetu wa ndege wakitokea mbugani, vumbi la Serengeti bado liko viatuni, hupewa siku yao moja ya matembezi: asubuhi Mji Mkongwe, mchana shamba la viungo, jioni kisiwa cha Changuu kuwaangalia kobe ambao asili yao ni Ushelisheli. Njiani wanapita mlangoni kwa wanawake wa zamani wa kisiwa hiki na kusimuliwa habari zao na watu wasiowajua, nyingi zikiwa za mzaha. Na sisi wenyewe, tuliozaliwa hapa, wengi wetu hatujawahi kushuka garini tukatazama. Mimi mwenyewe nilifika Mtoni mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na tisa. Nimepita pale na daladala maisha yangu yote.

Basi hii ndiyo njia niliyompa, na nilikwenda nao, kwa sababu mama mkwe alisema bila mimi haendi.

Tulianza Maruhubi, nje kidogo ya mji kwa upande wa kaskazini. Jumba hili lilijengwa na Sayyid Barghash, likamalizika mwaka 1882, likaungua 1899. Zimebaki nguzo nene zimesimama kama watu wanaosubiri chombo, na nyumba ya hamamu. Pale tulikuta kundi la wageni na mtembeza wageni wao, kijana mchangamfu, Kiingereza chake kizuri. Alipofika kwenye hadithi ya mke mmoja na masuria tisini na tisa, aliwakonyeza wanaume, wakacheka. Hadithi hiyo inasemwa kila siku pale, mara sijui ngapi. Mama mkwe alisubiri wakamaliza kucheka, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, majina yao walikuwa wakiitwa nani?" Kijana hakuwa na jina hata moja. Hakukasirika, masikini, alisema kweli kabisa kwamba hajawahi kuulizwa.

Neno suria tunalitumia kama tusi siku hizi, kwa hiyo nieleze. Suria alikuwa mwanamke mtumwa aliyechukuliwa na bwana wake nyumbani. Kwa sheria ya dini yetu, akimzalia bwana wake mtoto, mtoto yule huru, ana haki ya urithi kama watoto wa mke wa ndoa, na mama mwenyewe hawezi kuuzwa tena, na bwana akifa anakuwa huru. Hayo ni kweli na tunapenda kuyataja. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwa khiari yake, na hilo hatupendi kulitaja.

Kutoka Maruhubi hadi Mtoni ni dakika chache tu. Hapa ndipo utulie, msikimbie. Sayyid Said bin Sultan wa Oman alifika Unguja 1828, akaipenda, akaifanya makao yake, na hili likawa jumba lake la pwani. Mke wake wa ndoa aliyetawala nyumba, Bibi Azza binti Seif, mtu wa ukoo wa kifalme wa Oman, hakuzaa. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 akitokea Maskati, aliacha watoto thelathini na sita, na wote mama zao ni masuria. Yaani, dada zangu, masultani wa Zanzibar waliomfuata, Majid, Barghash, Khalifa, Ali, ni watoto wa wanawake waliokuja hapa wakiwa mali ya mtu. Tukiulizana asili zetu harusini, "huyu wa ukoo gani, yule wa ukoo gani", hili tulikumbuke.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi kutoka milima ya Kaukazi, na Salme ameandika kwamba mama yake alichukuliwa mtoto mdogo vitani, wazazi wake wakiwa wameuawa, akafika kwa Sayyid Said bado yuko katika umri wa kung'oka meno. Hebu fikiri. Mtoto wa theluji, leo anakula wali wa nazi Mtoni. Salme anasimulia kwamba nyumba ile ilikuwa na watu zaidi ya elfu moja, na ndani yake utasikia Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kiswahili.

Jambo moja la Salme nilimsimulia biharusi wangu palepale, tumekaa kwenye kivuli. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mfupa ule ndio uliotumika kama ubao. Na kalamu ile ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1859, mama yake amekufa kwa kipindupindu, yeye ana miaka kumi na tano, ndugu yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid, na anayejua kuandika barua za siri upande wa Barghash ni yeye. Njama ikashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki Unguja katikati ya ndugu waliogawanyika.

Yaliyofuata mnayajua kwa ufupi, na nayasema kwa adabu. Alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, jirani yake mjini. Alipokuwa mjamzito aliona maisha yake yako hatarini, na mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana 1867. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu Hamburg, yeye ana watoto watatu wadogo, nchi ya baridi, lugha ya watu. Alirudi Unguja mara mbili, 1885 na 1888. Barghash, ndugu yule yule aliyemwandikia barua akiwa msichana, sasa ndiye sultani, na 1885 alikataa kumwona. Urithi wake pia hakupewa kama alivyoomba. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na kaburini mwake uliwekwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi miaka yote.

Wapo watakaoniambia kwa nini namtaja mtu aliyeacha dini katika ukurasa wa wanawake wa Kiislamu. Hesabu yake iko kwa Mola wake, si kwangu. Ninachosema ni kwamba mwanamke huyo ndiye aliyetuachia maelezo ya ndani ya nyumba zile kwa mkono wake, kitabu kilichotoka 1886, na bila yeye tusingelijua hata jina la mama yake. Wale tisini na tisa wa Maruhubi hawakuandika.

Wifi mdogo aliuliza kama basi ile nguo ina mkosi. Nikamwambia nguo haina mkosi, nguo ni nguo. Suruali ya marinda ilivaliwa na mabibi wa Kiarabu wa Unguja miaka mingi kabla na baada ya Salme.

Mtoni uliza kwanza kama pamefunguliwa, maana ni gofu la zamani na huwa linafanyiwa ukarabati. Kisha pandeni juu, Kidichi.

Hamamu ya Kidichi ndiyo mahali nipendapo kuliko pote kwa matembezi ya biharusi, na siyo kwa sababu ya kuogea. Sayyid Said aliijenga yapata mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, Shahrzad, binti wa ukoo wa Shah. Ni nyumba ndogo ya vyumba vyenye kuba, juu kwenye mwinuko, mashamba yamekizunguka. Alikuwa akitoka kuwinda na kupanda farasi, ndiko akipumzika na kuoga. Salme anamkumbuka kama mwanamke mwenye mambo makubwa, mavazi ya Kiajemi, watumishi wake wa Kiajemi, hazijali desturi za watu wa hapa. Mwisho wakaachana, akarudi kwao. Hamamu ikabaki.

Angalieni kuta. Mafundi wamechonga kwa chokaa maua, mitende, na ndege, tausi wakiwemo. Kila mgeni huuliza mbona ndege katika nyumba ya Waislamu, na jawabu ni kwamba hiyo ndiyo nakshi ya Kiajemi aliyoizoea bibi mwenye nyumba. Mimi nilisimama pale kama dakika ishirini na daftari la vipimo. Ua moja la pale sasa liko kwenye mikono ya kanzu zangu za harusi na hakuna mteja aliyejua limetoka wapi, mpaka leo nawaambia.

Ukitoka Kidichi umezungukwa na mashamba ya viungo, na mtembeza wageni atakuvunjia jani la mdalasini, atakupaka mrangi kucha, atakufumia kofia ya makuti. Nzuri. Watoto watafurahi. Lakini mikarafuu haikuota yenyewe. Sayyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na waliolima, waliochuma na waliochambua vikonyo juani ni watumwa, wanawake kwa wanaume, kutoka Ziwa Nyasa, Manyema, Uzaramo na kwingine. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Ukimwuliza Mpemba atakwambia mpaka leo.

Kwa hiyo siku yangu haimaliziki Kidichi. Tulirudi mjini, tukasali Adhuhuri, tukala, halafu Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Nje kuna sanamu za watu watano shimoni, shingoni mnyororo. Mama mkwe alikaa pale muda mrefu kuliko mahali popote siku ile. Alisema tu kwamba mmoja anafanana na dada yake.

Na sasa ndiyo nifike kwenye kazi yangu, nguo. Soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe kisheria haukuondolewa Unguja mpaka 1897. Na hata mwaka huo wanawake wa aina moja waliachwa nje ya amri: masuria. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda kuomba uhuru wake. Suria hakuweza, isipokuwa athibitishe kuteswa, kwa sababu ilisemwa hali yake ni kama ya mke. Walisubiri mpaka 1909. Na aliyetaka kuondoka hata wakati huo alijua anaweza kuwaacha watoto wake nyuma. Miaka kumi na mbili. Sijawahi kumsikia mtembeza wageni yeyote akiitaja miaka hiyo, na wala skuli sikufundishwa.

Mtumwa mwanamke alivaa merikani, ile pamba nyeupe isiyopakwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki, nguo nyeusi ya nili. Ukimwona tu unajua ni nani. Kanga ilikuwa imeshaanza kuvaliwa Zanzibar na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wazee wanasimulia kwamba wanawake walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga mbili juu chini ikawa nguo moja ya leso sita. Basi waliopata uhuru wao waliitupa kaniki, na jambo la kwanza walilolitaka wengi ni doti ya kanga, yenye rangi, yenye pindo na mji. Baadaye yakaja majina, na kule Mombasa duka la Kaderdina, wenye chapa ya "Mali ya Abdulla", wakawa mashuhuri kwa kanga za maneno. Mwanamke aliyekuwa hana ruhusa ya kusema, sasa nguo yake inasema mbele ya aliyekuwa bwana wake.

Tunapomwekea biharusi kanga katika sanduku lake, tunazihesabu, tunazifukiza udi, shangazi anakagua zisipungue. Hatumwambii kwamba bibi wa bibi yake huenda alifanya kazi mwaka mzima apate moja.

Tulimalizia Mchangani, kwenye maduka ya kanga, jua linaelekea Alasiri. Mama mkwe alinunua doti sita. Mwenye duka akamwita "mama mtalii", akamjibu kwa Kiswahili cha Pangani, bei ikashuka hapo hapo. Kumbe mama yake ni mtu wa Pangani! Siku nzima tunamwita mgeni wa Arusha.

Kwa wenye siku ya pili: Kizimkazi Dimbani, kusini. Wengi wanakwenda kule kufukuza pomboo, mashua kumi kwa pomboo mmoja, na mimi siwashauri. Nendeni kwenye msikiti. Kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo limejengwa tena baadaye, lakini maandishi ni ya asili, na msikiti unasaliwa hadi leo. Uliza kwanza, vua viatu, ingia na stara yako, na kama ni wakati wa sala subiri. Njiani mnapita Bungi, palipokuwa na nyumba ya Bi Khole, dada yake Salme, kwenye ule mstari mrefu wa miembe. Mtasimuliwa kisa chake na watumwa waliopanda miembe. Nakuombeni msikirudie mbele ya watoto. Ni maneno ya watu juu ya mwanamke aliyekufa zamani, na dini yetu inajua hukumu ya maneno kama hayo. Mkirudi pitieni Jozani mkawaone kima punju, ambao hawapatikani pengine duniani ila visiwa vya Zanzibar. Wageni wa mbugani wakishaona simba wanadhani wameshaona wanyama wote.

Mkipita Forodhani jioni, mbele ya Beit al-Ajaib, watajieni watoto wenu wa kike jina la Malkia Fatuma. Alitawala Unguja miaka ya 1690, kabla ya masultani wote hao, akapelekwa Oman uhamishoni baada ya Waarabu wa Oman kuwatoa Wareno Mombasa mwaka 1698, kisha akarudishwa. Inasemekana nyumba yake ilikuwa maeneo hayo hayo.

Ya kuchukua: maji, mtandio wa ziada, viatu visivyoteleza kwa Kidichi maana ndani kuna giza na sakafu imechakaa, na pesa ndogondogo za viingilio. Anzeni saa mbili asubuhi. Dereva mwambieni mapema kwamba mtasimama kwa sala, wengine hukasirika wakiambiwa njiani.

Biharusi wangu hakuibadilisha oda. Alirudi baada ya wiki, akasema nimshonee suruali ile ile ya marinda, pamba nyeupe, na kanzu ya juu iwe na ua la Kidichi. Lakini ndani ya mkanda, mahali pasipoonekana, nishone kipande cha kaniki. Nilikipata kwa mzee mmoja anayeuza nguo za waganga, tena kwa taabu. Marinda peke yake yamekula mita tano na nusu. Wifi mdogo naye ameshaleta vipimo vyake.